Polisi asipokusomea haki zako kesi inakufa? Tuelewane hapa

Kila ikizunguka video ya mtu anakamatwa, anasukumwa kwenye difenda huku kashikwa mkanda wa suruali, lazima atokee mmoja aseme mbona hawajamsomea haki zake, hapo kesi hamna, wakili akiwa mjanja jamaa anatoka kesho asubuhi. Na mwingine atamjibu haki gani bwana, huku sio Marekani, hayo mambo ya kwenye muvi. Wote wawili wanaongea kwa kujiamini kabisa na wote wawili wamekosea, afu ubaya wa hili jambo wengi wanaanza kulitafuta wakiwa kaunta ya polisi, viatu vimevuliwa, simu imechukuliwa, na hapo hamna wa kumuuliza.

Tuanze na maneno maana yanachanganywa sana. Kukamatwa ni kunyimwa uhuru wa kuondoka, iwe kwa pingu iwe kwa kuambiwa tu "twende kituoni tukaongee" na wewe unajua kabisa ukikataa unabebwa. Kuhojiwa ni kitu kingine, ni pale polisi anapoanza kukuuliza maswali ya tukio ili apate cha kupeleka mahakamani. Kati ya hayo mawili ndo panatakiwa pawe na onyo, yani kabla hajakuuliza akwambie unatuhumiwa kwa nini, hulazimiki kujibu, ukijibu yanaandikwa na yanaweza kutumika dhidi yako, na unaweza kuwasiliana na wakili au ndugu. Ukikubali kuongea, kinachoandikwa pale Tanzania tunakiita maelezo ya onyo. Na kama ndani ya hayo maelezo umekubali kwamba kosa umelifanya wewe, hilo sasa ni ungamo, na hapo ndo moto unapowakaga.

Yale maneno ya kwenye muvi, una haki ya kukaa kimya na kadhalika, yametokana na kesi ya jamaa anaitwa Ernesto Miranda wa Phoenix, Arizona. Machi 1963 polisi walimchukua kwa tuhuma za kumteka na kumbaka binti, wakamweka chumbani na wapelelezi wawili, baada ya kama masaa mawili wakatoka na karatasi ya kukiri imesainiwa. Alikuwa na miaka 22, shule aliishia njiani, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza asijibu wala kwamba anaweza kuwa na wakili humo ndani. Ila angalia hiki kitu: karatasi aliyosaini ilikuwa tayari imechapwa maneno yanayosema anatoa maelezo kwa hiari yake, bila vitisho wala ahadi, na anazijua haki zake zote za kisheria. Karatasi ilizijua haki kuliko yeye aliyesaini. Ni kama tiketi ya basi la mkoani, nyuma kuna masharti ya herufi ndogo kwamba mzigo ukipotea kampuni haihusiki, hakuna abiria anayeyasoma pale stendi saa kumi na moja alfajiri, lakini siku begi limepotea unaonyeshwa kwamba ulikubali.

Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ikasikilizwa pamoja na nyingine tatu zinazofanana nayo, na tarehe 13 Juni 1966 majaji wakagawanyika watano kwa wanne. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika hoja ambayo mi naona hata anayeipinga aisome kwanza, kwamba chumba cha mahojiano chenyewe kinabana hata bila kofi moja, mtu yuko peke yake, katengwa na watu wake, kazungukwa na watu ambao kazi yao ni kumfanya aongee. Kwahiyo kabla ya maswali aambiwe kwamba anaweza kukaa kimya, kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake, kwamba ana haki ya kuwa na wakili wakati wa mahojiano, na kama hana hela atawekewa wakili. Asipoambiwa, upande wa mashtaka hauruhusiwi kutumia alichosema kuthibitisha kosa lake.

Watu wengi wanaishia hapo wanadhani Miranda akabeba begi akaenda kwao. Hapana. 1967 alishtakiwa upya, safari hii ile karatasi ya kukiri haikutumika, ila mwanamke aliyekuwa anaishi nae akasimama kizimbani akasema Miranda alimwambia mwenyewe, na akafungwa tena miaka 20 mpaka 30. Alipotoka kwa msamaha wa masharti 1972 akawa anauza vile vikadi vya polisi vyenye maneno ya haki, kavisaini, dola moja na nusu kimoja. Januari 1976 akachomwa kisu baa hapohapo Phoenix akafa, na mtuhumiwa aliyekamatwa akasomewa haki zile zile za Miranda. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji yale.

Kwa hiyo upande wa Marekani jibu ni hilo, usiposomewa onyo kinachotupwa ni maneno uliyoyasema, kesi yenyewe inabaki. Kama kuna shahidi aliyekuona, kamera ya duka, alama za vidole, simu yako ilikuwa pale, kesi inaendelea kama kawaida. Tena hata hayo maneno yamewekewa milango ya kutokea. 1984 mahakama ile ile ilisema polisi wakimkamata mtu supamaketi na wakaona ala ya bastola ni tupu, wanaweza kumuuliza iko wapi kabla ya kumsomea chochote, maana usalama wa watu unatangulia. 2004 ikasema kitu cha kushikika kilichopatikana kutokana na maneno yasiyo na onyo kinaweza kutumika, mradi maneno hayakutolewa kwa nguvu. Na 2022 ikasema hata kama polisi hakukusomea huwezi kumshtaki akulipe fidia kwa hilo tu.

Na muhimu, hii kanuni inadai vitu viwili kwa pamoja, uwe umezuiliwa na uwe unahojiwa. Ukikamatwa na usiulizwe kitu hawana cha kukusomea. Ukianza kuropoka mwenyewe kwenye gari, "afande mi nilimpiga mara moja tu", hayo yanaingia mahakamani bila shida. Trafiki akikusimamisha akakuuliza umekunywa bia ngapi, kwa kawaida hapo pia hamna Miranda. Ndugu zetu mlioko kule pia mjue kesi za kurudishwa nyumbani kwa ajili ya makaratasi sio za jinai, kwahiyo msitegemee maofisa wa uhamiaji wawasomee yale maneno ya kwenye muvi ndo mjue mahojiano yameanza.

Sasa tuje huku, na hapa yule wa "huku sio Marekani" ndo anapoteleza. Tanzania haki hizi ziko kwenye sheria iliyoandikwa, sio za kuazima kwenye muvi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 53 kwa namba tulizozoea kabla ya toleo jipya la sheria, inasema mtu akiwa chini ya ulinzi polisi haruhusiwi kumuuliza swali lolote la upelelezi mpaka amtajie jina lake na cheo chake, amjulishe kwa lugha anayoimudu kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa gani, na amwonye kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Inatakiwa iwe kwa maandishi, na ikiwezekana kwa mdomo pia. Soma tena hapo kwenye jina na cheo. Yani kisheria yule anayekuhoji ndo anatakiwa kuanza kujitambulisha kwako, ukienda vituo vingi ukamwambia afande naomba jina lako nadhani unajua utakachojibiwa.

Fomu yenyewe ukiiona haitishi. Juu kuna jina la kituo, tarehe, saa ya kuanza. Chini yake maneno yanayokwenda hivi: mimi fulani, cheo fulani, nakuonya wewe fulani kwamba unatuhumiwa kwa kosa fulani, hulazimishwi kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe, lakini lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Afu kuna sehemu ya jibu la onyo, na humo mara nyingi utakuta sentensi safi kabisa, ndiyo nimeonywa na nimeelewa na niko tayari kutoa maelezo yangu kwa hiari bila ya wakili wala ndugu, sahihi au dole gumba. Sentensi inafanana kwa mwizi wa kuku na kwa mtuhumiwa wa mauaji, kwa aliyesoma na asiyejua kuandika jina lake. Mtu aliyetoka kupigwa na raia dakika arobaini zilizopita anaongea kama karani. Hapo ndo narudi kwa Miranda na karatasi yake.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui kabisa ni saa. Sheria yetu inampa polisi masaa manne ya msingi ya kukuhoji tangu ulipowekwa chini ya ulinzi. Yanaweza kuongezwa mpaka nane mengine na ofisa anayesimamia upelelezi, na zaidi ya hapo aende kwa hakimu. Muda wa kukusafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, na muda uliokuwa unaongea na wakili wako nao hauhesabiwi. Hii haihusiani na masaa 24 ya kufikishwa mahakamani, hiyo ni saa nyingine na ina kanuni zake. Ndo maana mawakili wazuri wakishika maelezo ya onyo jicho la kwanza linaenda kwenye saa: alikamatwa saa ngapi, maelezo yameanza saa ngapi. Mtu kakamatwa Jumatatu asubuhi maelezo yameandikwa Jumatano jioni, na hakuna karatasi ya kuongeza muda, hapo kuna la kuongea.

Ila "kuna la kuongea" sio "kesi imekufa". Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshafuta maelezo ya namna hiyo mara nyingi tu, na watu wameachiwa kwa sababu baada ya kuyatoa maelezo hakikubaki kitu. Lakini mahakama hiyo hiyo imesema pia kwamba kukiuka utaratibu hakufuti maelezo moja kwa moja kila mara, kuna kifungu kinachompa jaji kupima, ukiukwaji ulikuwa mkubwa kiasi gani, ulikuwa wa makusudi au wa bahati mbaya, na ushahidi wenyewe una uzito gani. Kwahiyo anayekwambia "hawajakusomea, unatoka" anakuuzia matumaini.

Kupima kwenyewe kunafanyika kwenye kitu ambacho Watanzania wengi walikisikia kwa mara ya kwanza 2021 kwenye kesi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, na wenzake watatu, ile "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa". Serikali ilitaka kutoa maelezo ya onyo ya mmoja wa washtakiwa, utetezi ukapinga kwamba yalichukuliwa nje ya muda wa sheria na sio kwa hiari, ikabidi kesi kubwa isimame, mashahidi waitwe kueleza tu yale maelezo yalipatikanaje, jaji aamue kuhusu hilo kwanza. Oktoba 2021 aliyapokea. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi nzima, kwahiyo hayo maelezo hayakufika kwenye hukumu. Watu wengi walidhani ile kesi ndogo ni mbwembwe za mawakili kuvuta siku. Sio mbwembwe, pale ndo mahali pekee ambapo hiari ya mtu aliyekuwa selo inaulizwa hadharani, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulisema kwa hiari uko kwa serikali, sio kwako.

Afu kuna kipengele kwenye Sheria ya Ushahidi ambacho mi kinanisumbua sana. Kinasema ungamo halitakataliwa kwa sababu tu kwamba mtu alitishwa au aliahidiwa kitu, mpaka mahakama ione kwamba tishio au ahadi ile ni ya aina inayoweza kumfanya mtu akiri uongo. Kwa maneno ya mtaani, ukiambiwa "sema ukweli tukuachie uende kwa watoto wako" haitoshi, jaji ajiridhishe kwamba ahadi hiyo ingeweza kumfanya mtu asiye na kosa akiri. Kwa upande mwingine kuna tahadhari ya zamani kutoka kesi ya Uganda ya 1967 ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, bado inanukuliwa Dar, Nairobi na Kampala, kwamba ungamo ambalo mshtakiwa amelikana mahakamani lipokelewe kwa uangalifu na kwa kawaida litafutiwe ushahidi wa kuliunga mkono, ingawa jaji akiridhika kabisa kwamba ni la kweli anaweza kumtia mtu hatiani kwa hilo peke yake.

Kenya wamekwenda mbali kuliko sisi, walau kwenye karatasi. Katiba yao ya 2010 ibara ya 49 inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki ya kukaa kimya, na matokeo ya kutokukaa kimya. Ukiangalia hapo wao hawakusubiri maswali yaanze, wameliweka kwenye kukamatwa kwenyewe. Awasiliane na wakili, asilazimishwe kukiri, afikishwe kortini ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya korti kama zimeishia wikendi. Na kwenye ungamo wakabana zaidi: haliingii mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo cha juu kidogo ambaye sio mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Kwahiyo yule afande aliyekukimbiza mtaroni sio yeye atakayeandika kwamba umekiri. Kwetu anaweza, na mi naona hapo tumeachwa nyuma.

Lakini hata Kenya usidhani kosa la polisi ni tiketi ya kwenda nyumbani. Mwaka 2006, chini ya katiba ya zamani, Mahakama ya Rufaa ilimwachia mtu wa wizi wa mabavu kwa sababu tu polisi walikaa nae miezi minane bila kumfikisha kortini. Watu wakashangilia, kesi nyingi zikaanza kuanguka kwa njia hiyo. 2010 mahakama ile ile ikageuza mwelekeo, ikasema dawa ya kucheleweshwa selo ni kudai fidia kwenye kesi ya madai, kesi ya jinai iendelee. Katiba mpya nayo inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa pale ambapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki. Pale ambapo, sio kila mara. Na wale waliochukuliwa na watu wasio na sare kwenye magari yasiyo na namba baada ya maandamano ya Juni 2024 wanajua kwamba ibara ya 49 inahitaji kwanza mtu akubali kwamba amekukamata.

Sasa swali lenyewe, polisi walazimishwe kusoma haki au tunawafunga mikono? Hoja ya polisi sio ya kijinga. Mpelelezi ana jalada sita mezani, hana gari, hana maabara karibu, mama wa marehemu yuko nje analia, na mtu aliyemshika yuko tayari kuongea sasa hivi, wewe unamwambia amkumbushe kwamba anaweza kunyamaza. Marekani hoja hii imepigwa tangu 1966, wako wasomi waliodai kesi zinazotatuliwa zilipungua na wako waliowajibu kwamba hesabu haziungi mkono. Ila mtafiti Richard Leo aliwahi kufuatilia mahojiano 182 na kuyachapisha matokeo 1996, akakuta karibu asilimia 78 ya watu waliosomewa haki zao walizikataa wakaongea tu. Karibu wanne kati ya watano! Kwahiyo hofu kwamba ukisoma watu wote watafunga midomo haina miguu.

Hiyo namba lakini inakata pande zote mbili. Inaonyesha onyo haliwazuii polisi, na inaonyesha pia onyo peke yake halimlindi mtu. Wale vijana watano wa New York wa kesi ya Central Park 1989, wengi wao wana miaka 14 na 15, walisomewa haki, wengine wazazi walikuwepo, na bado baada ya masaa mengi ya kuhojiwa wakatoa maelezo ya kukiri kwamba walishiriki kumshambulia mwanamke aliyebakwa akiwa anakimbia mazoezi, wanne kati yao mbele ya kamera. Wakafungwa. 2002 mtu mwingine kabisa, Matias Reyes, akasema ni yeye alikuwa peke yake na vinasaba vikamlingana. Kamera iliwaonyesha wakikiri, haikuonyesha masaa yote yaliyotangulia, na hapo ndo siri ilipokuwa. Kwahiyo anayeuliza "kama hujafanya utakiri vipi" jibu lake liko hapo, mtu amechoka, ana njaa, ameambiwa wenzake washamtaja, ameambiwa akisema ataenda nyumbani, anachotaka yeye ni kile chumba kiishe.

Msimamo wangu mi ni kwamba lazima zisomwe, na kusoma ndo kazi ndogo kuliko zote. Kinachofanya onyo liwe na meno ni nani mwingine yupo na nini kinarekodiwa. Uingereza, ambako ndo sisi na Kenya tulichukua huu utaratibu wa onyo enzi za ukoloni, walifika mahali wakatunga sheria ya polisi na ushahidi ya 1984, mahojiano ya kituoni yakaanza kurekodiwa kwenye kaseti, na ukiwa kituoni unapata wakili wa zamu bure. Alaska mahakama ililazimisha kurekodi tangu 1985, Minnesota 1994. Sisi kila mtu mfukoni ana simu inayorekodi video, ila mahojiano ya kosa la kunyongwa bado tunategemea kalamu ya mtu mmoja na saa ya ukutani. Na lile neno la nne la Marekani, huna hela utapewa wakili, kwetu kwenye onyo halipo. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, Kenya wana yao ya 2016, lakini usiku wa saa tano pale kaunta hakuna wakili wa serikali anayekusubiri. Unaambiwa una haki ya kumpigia wakili, simu ya kumpigia iko kwenye droo ya afande.

Kuhusu kukaa kimya nako pana mitego. Marekani 2010 kuna mtu alikaa kimya karibu masaa matatu akaja kujibu neno moja, mahakama ikasema hakuwahi kusema kwamba anatumia haki ya kukaa kimya, kwahiyo lile neno linatumika. Yani ili unyamaze kisheria inabidi uongee. Uingereza tangu katikati ya miaka ya 90 onyo lenyewe linakwambia kwamba hulazimiki kusema, lakini ukificha kitu sasa ambacho utakuja kukitegemea mahakamani kinaweza kukuharibia. Kwetu kituoni sheria haikulazimishi zaidi ya jina na anwani, ila ukifika kizimbani hadithi inabadilika, zamu yako ya kujitetea ikifika ukachagua kunyamaza sheria ya Tanzania inairuhusu mahakama iuchukulie ukimya wako vibaya. Kenya katiba inakupa haki ya kutokutoa ushahidi kabisa. Kwahiyo ule ushauri wa "usiseme kitu mpaka mwisho" uliouokota kwenye muvi unaweza kukufikisha pabaya, kituoni ni jambo moja na kizimbani ni jambo lingine.

Na siku yakikukuta, taja jina na unapoishi, ukatae mengine kwa adabu, "afande naomba niongee na ndugu yangu au wakili kwanza ndo nitoe maelezo". Ujue kwamba kwa ndugu na rafiki sheria inamruhusu akatae kama anaona mwenzako atatoroka au ushahidi utapotea, kwahiyo akikukatalia usianze kupigana, kumbuka tu kwamba umekataliwa na ilikuwa saa ngapi. Maelezo yakiandikwa sheria inataka usomewe au usome mwenyewe, na una haki ya kurekebisha au kuongeza, usione aibu kusema hapa sikusema hivi. Angalia saa iliyoandikwa juu kama ndo saa ya kweli.

Kikubwa zaidi kinachowaponza watu wasio na wakili kinatokea baadae kabisa. Polisi anasimama mahakamani anasema naomba kuyatoa maelezo haya kama kielelezo, hakimu anamgeukia mshtakiwa anamuuliza una pingamizi, na mshtakiwa ambaye hajui hata neno pingamizi maana yake nini anajibu "sina, mheshimiwa". Hapo yameingia, yanasomwa kwa sauti mbele ya wote, na kuanzia dakika hiyo yeye ndo shahidi wa serikali dhidi yake mwenyewe. Akija kujitetea miezi mitatu mbele kwamba alipigwa miguuni kwa ubao anaambiwa muda wa kulisema hilo ulikuwa pale kielelezo kilipotolewa, na kwenye rufaa ataulizwa swali hilohilo, mbona rekodi inaonyesha ulisema huna pingamizi.